Chupa za Bia kwenye Nyumba ya Mjane

Watu wazima, wenye kalamu mifukoni na saa mikononi, walikaa kikao wakakubaliana kwamba mjane wa Kiislamu na binti zake wawili wakaishi ndani ya chupa za bia. Sitanii. Wala hawakuwa wamelewa. Wangekuwa wamelewa ningewasamehe, maana mlevi akiamka asubuhi huona haya. Wale walikuwa wakavu kabisa, wamekunywa chai ya mama yangu, na mmoja wao akaomba aongezewe.

Mjane huyo ndiye mama yangu. Kwetu asili ni Dutumi, lakini wakati ule wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa tulikusanywa kwenye kijiji kipya upande wa Kwala, nyumba kwa mistari, kila mtu na kiwanja chake. Baba alikuwa ameshafariki. Mama akajenga kibanda cha nyasi cha kuanzia maisha, na pembeni yake akasimamisha nguzo za nyumba yenyewe. Miti ile tuliikata sisi watatu, mama, dada yangu na mimi, tukaibeba kichwani mpaka shingo zikavimba. Fito zilikuwa zimeshafungwa. Bado kukandika na kuezeka tu.

Haraka yote ile ilikuwa kwa ajili ya dada. Dada alikuwa amechumbiwa na kijana wa Kisarawe aliyekuja kijijini kwetu kusaidia ujenzi wa shule. Kijana mwenyewe hakuwa na neno, mpole mpaka ukamwonea huruma. Kazi ilikuwa kwa baba yake. Yule mzee alikuwa mwalimu wa chuo, wa kufundisha Kurani, mtu wa kanzu iliyonyooka na ndevu zilizochanwa, na alipoleta posa alikaa kwenye mkeka wetu, akainua macho akalitazama paa la nyasi, akalitazama tena, halafu akasema, "Sisi kwetu tumeshaezeka bati, alhamdulillahi. Mwenyezi Mungu atawajalia na nyinyi."

Mama aliitikia amina. Walipoondoka alikung'uta ule mkeka kwa nguvu kama mtu anayeua nyoka. "Mwanangu hatoki bandani kwenda kwa watu wale," alisema. "Ataolewa akitokea kwenye nyumba, na nyumba yenye bati, ili yule mzee akiinua macho yake yale akutane na bati." Kuanzia siku hiyo mama hakuwa na neno jingine mdomoni. Ukimwamkia, anakujibu na bati.

Basi afisa utamaduni alipokuja na ahadi ya bati, unadhani mama angefanya nini?

Alikuja na mzungu mmoja mrefu mwenye viatu vya kamba, ambaye tuliambiwa ni mtaalamu wa ubunifu. Kwao alikuwa mchongaji, mchoraji na mjenzi, vyote kwa pamoja, na nilivyokuja kuona baadaye hakuna hata kimoja alichokijua cha kutosha kumjengea mtu pa kulala. Walitaka kujenga nyumba ya mfano kijijini, nyumba ya aina ambayo dunia haijapata kuiona. Wakauliza nani apewe. Wanaume wote wenye nyumba zao wakaangalia pembeni. Mwenyekiti wa kijiji akamtaja mama yangu, na alieleza sababu mbele yetu bila kupepesa macho, kwamba mjane hana mume wa kuleta ubishi.

Mama aliuliza swali moja tu. "Ina bati?"

"Itakuwa na kila kitu cha kisasa," akajibu afisa utamaduni.

Hakusema ndiyo. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la sita na nilisikia kwamba hakusema ndiyo. Lakini mama alikuwa ameshasikia bati linalia juu ya kichwa chake. Alikubali, na kwa kuwa kiwanja chetu kilikuwa kinaonekana vizuri kutoka barabarani, wakamwambia azing'oe zile nguzo zake. Tukazing'oa. Dada alilia. Mama akamwambia anyamaze, asitie nuksi.

Chupa zilifika kwa trekta. Tela zima, limekwenda kukusanya kwenye mabaa ya Mlandizi na Kwa Mathias, na dereva alirudi akiimba. Zilipomwagwa kiwanjani kwetu, harufu ya masalia ya bia ilitambaa mstari mzima wa nyumba, nzi wakaitana, na nyuki nao wakaja kuona kuna nini. Mama alitoka kibandani akiwa na ungo mkononi, akasimama.

"Hizi za nini?"

Mtaalamu akamweleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Hizi ndizo ukuta! Chupa moja juu ya nyingine, katikati saruji kidogo, vitako ndani, midomo nje. Jua likipiga nyumba nzima itajaa rangi, kijani na kahawia, kama kuishi ndani ya kito.

"Ni za bia," mama alisema.

"Ni kioo tu, mama," afisa utamaduni akadakia. Huyo naye alikuwa Mwislamu, jina lake la kwanza mpaka la mwisho, na Ijumaa alionekana msikitini akikohoa mstari wa mbele. Kioo tu!

Mama alitaka kukataa. Nguzo zilikuwa zimeshang'olewa, nyingine majirani wameshazifanya kuni, na masika yalikuwa njiani. Hakuwa na pa kurudi. Alichofanya ni kuwaita wanawake wenzake, tukaziosha chupa zile kwa maji na majivu, moja moja, tukisukutua na kumwaga, mpaka vidole vikakunjamana. Mtaalamu alitupiga picha tukiosha. Alidhani tunafurahia.

Kati ya wanawake wale alikuwepo mama mmoja wa Kinyamwezi, mume wake alimleta pwani kufuata kazi ya mkonge wakabaki. Huyu alikuwa mtani wetu. Mnyamwezi na Mzaramo wameanza utani zamani sana, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata siku ya msiba wako ukiwa umekaa matangani. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu. Dawa yake ni kumrudishia, mcheke, yaishe. Ukuta ulipofika kimo cha mtu, akaja, akashika kiuno, akaizunguka nyumba yote, halafu akapaza sauti:

"Ama kweli nyie Wazaramo mmepatikana! Mnajengewa kaburi la mlevi nanyi mnawachotea maji!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mtaalamu akauliza mama huyu amesema nini. Afisa utamaduni akamjibu, bila haya, "Anasema nyumba ni nzuri sana." Yule bwana akaweka mkono kifuani akamwinamia mtani wetu mpaka kiunoni.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya duara, imechongoka juu kama kichuguu. Mama aliuliza kitanda kitakaa wapi, maana kitanda kina pembe na ukuta hauna. Akaambiwa maisha hayana pembe. Akauliza chumba cha binti kiko wapi, akaambiwa nafasi iko wazi ili familia iwe pamoja. "Mimi si mchwa," mama akasema, na hilo afisa hakulitafsiri.

Likaja suala la paa. Mama alikuwa amevumilia yote kwa sababu ya paa. Siku mtaalamu alipoleta mafundi na mzigo wa makuti, mama alidhani wamepotea nyumba.

"Bati liko wapi?"

"Mama," mtaalamu alimwambia kwa upole kabisa, kama anampa mtoto peremende, "bati halina roho."

Halina roho! Mtu anayelala chini ya bati kwao, ambaye kama si bati basi ni vigae, anamwambia mjane wa Kwala kwamba bati halina roho. "Mvua nayo haina roho," mama alisema, akaenda zake kibandani. Wakaezeka makuti kwa kuyazungusha kama konokono, kitu ambacho fundi yeyote wa makuti angewaambia hakitakaa, na hakuna aliyeulizwa. Mvua ya kwanza iliingia ndani ikijipitia tu, karibu mgeni.

Tukahamia humo hivyohivyo. Na hapo ndipo ilipoanza sauti. Midomo ya chupa, kama nilivyosema, ilikuwa nje, wazi. Upepo ukipiga, nyumba inaguna. Upepo ukizidi, inalia. Uuuuu, mfululizo, kwa sauti kama ya watu wengi walioziba midomo. Watoto wa jirani wakaacha kuja kwetu. Watu wakaanza kusema tumefuga majini. Na wenye midomo yao, ukipita kisimani, badala ya kukuamkia wanakuuliza, "Jana mlikunywa ngapi?"

Mama akachukua magunzi ya mahindi akaziba midomo yote, chupa kwa chupa. Mtaalamu alipokuja kukagua, akayachomoa. Alisema ukuta unaimba, kwamba hakupanga hivyo, ni zawadi, na kwamba kuuziba ni kumziba mtu mdomo. Mama akaziba tena. Akachomoa tena. Mchezo huo ulikwenda hivyo, mtu mzima na elimu yake na mjane na magunzi yake, na mimi nikawa nafurahi kila asubuhi kwenda kuona nani ameshinda.

Lakini mama hakuwa anacheza. Muda wote tuliokaa katika nyumba ile, hakuswali humo ndani hata rakaa moja. Mvua au jua, alitoka na mswala wake akaenda kuswali kwenye kile kibanda cha zamani, kilichokuwa kinaelekea kudondoka. Alikuwa akirudi amelowa magoti.

Siku ya harusi ilikuwa imeshapangwa. Mama alimwendea mwenyekiti akaomba ruhusa akandike ukuta kwa udongo upande wa nje, nyumba ionekane kama nyumba. Mwenyekiti akasema hiyo ni mali ya kijiji, ni sanaa, haiguswi. Akamwendea afisa utamaduni. Afisa akamuuliza harusi ni lini. Mama akamtajia. Afisa akatabasamu akasema vizuri sana, vizuri sana, na kuhusu udongo akasema hapana.

Mama akangoja. Mtaalamu aliposafiri kwenda Dar es Salaam kupokea wageni wake kutoka ng'ambo, gari halijapotea vumbi lake mama akapiga mbiu ya wanawake.

Nimeona sherehe nyingi maishani mwangu, lakini sijaona siku nzuri kama ile ya kukandika. Walikuja na majembe na ndoo, wakachimba udongo, wakamwaga maji, wakaingia kuukanyaga huku khanga zimefungwa juu ya magoti. Mtani wetu ndiye aliyeongoza nyimbo, zote za matusi, zote juu ya mtaalamu na viatu vyake. Dada alikatazwa kushika udongo kwa kuwa ni mwali wa harusi; alikaa kando amefunikwa khanga, anacheka, meno yote nje. Tukabandika udongo juu ya midomo ile, paa! paa!, kila bonge linalotua linanyamazisha chupa kadhaa. Jioni nyumba ilikuwa kimya. Imesimama hapo, nyekundu, ya duara, ya ajabu kidogo, lakini nyumba ya udongo kama za wenzake. Mama aliulaza mkono wake ukutani. "Sasa hii ndiyo nyumba," alisema, na usiku huo kwa mara ya kwanza aliswali ndani.

Dada akapakwa hina. Somo wake, mama aliyemfunda, alikuwa na mkono mzuri, alimchora maua kutoka vidoleni mpaka karibu na viwiko, na miguuni vilevile, akamlaza mikono imeinuliwa juu ya mito ili isiguse kitu. Asubuhi walipoikwangua tulipiga vigelegele. Ilikuwa imekolea mpaka ikakaribia weusi.

Watu wa Kisarawe walifika kabla ya adhuhuri. Mwalimu wa chuo na kanzu yake, bwana harusi katikati ya ndugu zake, amevaa joho la kuazima linalomzidi mabega. Tulikuwa tumewatandikia mikeka nje, ubavuni mwa nyumba, baba mdogo ameketi tayari kuwa walii, wa kumwozesha dada. Mwalimu aliinua macho akatazama paa. Makuti. Akayashusha akatazama ukuta. Udongo bado ulikuwa na unyevu, una alama za vidole vya wanawake. Akavua viatu, akaketi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, nikamwona anapumua. Nyuma ya nyumba pilau ilikuwa inapakuliwa.

Hapo likaingia gari la serikali, na nyuma yake jingine.

Afisa utamaduni alishuka wa kwanza. Sasa nikaelewa kwa nini alitabasamu alipoambiwa siku ya harusi. Alikuwa amewaletea wageni wake harusi ya bure! Nyumba ya mfano, na ndani yake maisha halisi ya kijijini, ngoma, bibi harusi, chakula, vyote kwa safari moja. Wakashuka wazungu na kamera zao, wanatabasamu huku na huku. Wa mwisho kushuka alikuwa mtaalamu. Aliiangalia nyumba. Akawa mweupe kuliko alivyozaliwa.

"Ukuta wangu!" alisema.

Wangu. Mwenye nyumba amesimama mlangoni.

Akaja mbio, akapita katikati ya mikeka na viatu vyake vya kamba, akaruka miguu ya wazee, akachukua mwiko wa pilau kutoka mkononi mwa mwanamke mmoja, na akaanza kuubandua udongo. Ulikuwa haujakauka. Ulianguka vipande vikubwa, pwaa, pwaa, kwenye mikeka, kwenye kanzu. Chupa zikatokea. Mdomo mmoja, kumi, ukuta. Wageni wake wakaanza kupiga makofi. Na yule mpumbavu, akiwa analia machozi ya kweli, akageuka akamkuta mwalimu wa chuo mbele yake, akaona ni mzee wa heshima anayestahili kuelezwa, akamwambia kwa furaha:

"Hizi zote ni bia, mzee! Bia! Kutoka baa!"

Upepo ukapiga, na zile chupa zilizofunuliwa zikaguna.

Mtani wetu ndiye aliyewahi. Aliruka katikati, akapiga kigelegele, akamnyooshea kidole mwalimu wa chuo. "Haya, Wazaramo wa Kisarawe! Kumbe ndiyo maana mmefika mapema, mmefuata harufu! Basi bibi harusi hatoki humu mpaka mrudishe chupa zenu!"

Watu wakapasuka vicheko. Hata bwana harusi alicheka, kichwa kimeinama. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa pale, jamani. Kilichobaki ni mwalimu kumjibu, "Nyamaza, Mnyamwezi, humu zilizo nyingi ni zako," watu wacheke tena, atoe faini ya utani, tuendelee na ndoa. Mtoto mdogo anajua hivyo. Nilimtazama midomo yake. Nilikuwa namwombea aseme.

Mwalimu alikung'uta udongo kwenye kanzu yake. "Mama," alisema, "mmetukalisha mbele ya pombe, na mmetuficha."

"Mwalimu, chupa hizi sikuzinywa mimi, wala sikuzileta," mama akasema.

"Lakini umelala humo."

Mama angejibu nini? Kwamba aliswali nje miezi yote? Hakuwa mtu wa kumhesabia mwanadamu ibada zake. Mwalimu akavaa viatu, watu wake wakavaa viatu, na bwana harusi akainuka nao. Yule kijana aligeuka mara moja, akafuata kanzu ya baba yake. Sijapata kumdharau mtu mpole kama nilivyomdharau yeye siku ile.

Zogo lilipoanza, dada alikuwa ametoka mpaka kizingitini. Alisimama pale na mavazi yake yote, mikono ameiinua kidogo mbele yake, kama alivyofundishwa, hina isiguse nguo. Nyuma yake jua lilikuwa limepita kwenye chupa zilizobanduliwa udongo na limejaza ndani kijani na kahawia, kweli kama mtaalamu alivyosema. Wageni wakampiga picha. Walimpiga picha nyingi.

Pilau haikutupwa. Afisa utamaduni aliwakaribisha wageni wake wakae kwenye mikeka iliyoachwa, wakala, na wakasifu viungo.

Mtaalamu aliondoka nchini baada ya muda mfupi, kwenda kuwa mbunifu kwingine. Masika yaliyofuata yalimaliza paa. Mama akakata miti mingine, akajenga nyumba ya pembe nne nyuma yake, akaikandika, na ukuta wa chupa ukaachwa kwa mijusi. Ulikuja kufaa kitu baadaye tu, miaka ile ya shida, hata chupa ya kutilia mafuta ya taa ukiitafuta huipati. Watu wakaja kuuvunja kidogo kidogo kwa nyundo, wakaondoka na chupa zao kwapani. Hao ndio wabunifu pekee niliowaona kwenye habari hii yote.

Na mwalimu wa chuo? Nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi nilipelekwa Kisarawe kwa semina. Nikakutana njiani na mama mmoja ametoka kwa mzee yule kuchukua kombe la mtoto wake mgonjwa. Kombe ni aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa kwa maji, unakunywa upone. Alikuwa ameibeba dawa kwa adabu, mikono miwili. Ilikuwa ndani ya chupa ya bia, ya kahawia, aliyotiliwa na mwalimu mwenyewe. Nilisimama katikati ya njia nikacheka mpaka yule mama akaniogopa.

Dada hakuolewa kwa muda mrefu. Binti aliyeachwa kwenye mkeka siku ya ndoa, tena aliyetoka nyumba ya chupa inayolia, nani amtake? Mwishowe alichukuliwa na mtu mzima wa Mlandizi, awe mke wa pili, kwa kadhi asubuhi, bila ngoma. Somo alikuja na hina yake. Dada alikataa. Hata Idi hakupaka tena. Ukimuuliza, anasema inamwasha.

Baadaye nilihamia shule moja ya Kibaha, na siku moja yakaletwa makasha ya vitabu vya msaada. Ndivyo tulivyokuwa: chaki hakuna, sabuni foleni, vitabu vya msaada tele. Nilipewa kazi ya kuvipanga. Kimoja kilikuwa kikubwa kama sinia, karatasi zake zinateleza, kinahusu sanaa na ubunifu wa kisasa duniani kote. Nikafungua nikaanza kujichekea. Kiti cha karatasi ngumu ambacho mtu hawezi kukikalia. Taa iliyotengenezwa kwa ngozi ya samaki. Kitambaa kilichofumwa kikafumuliwa nusu kikatundikwa ukutani, eti ndiyo maana yake. Nikageuza ukurasa nikamkuta dada yangu.

Ukurasa mzima. Mlango, ukuta nusu udongo nusu chupa, ule mwanga, na yeye kizingitini, mikono imeinuliwa kidogo. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza mimi nakisoma. Walisema kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano wa msanii na wanawake wa kijiji, kwamba udongo wao na kioo chake vinazungumza, na kwamba msichana huyu ametoka kuufurahia mwanga. Jina la mtaalamu lilikuwepo. La mpiga picha lilikuwepo. La mama yangu halikuwepo, na msichana aliitwa msichana.

Nilikitoa kitabu kile shuleni mchana kweupe, nikapanda basi mpaka Mlandizi. Nilimkuta dada uani anamenya mihogo. Nikamfungulia ukurasa ule mbele yake, nikaanza kuwatukana, mmoja baada ya mwingine, mtaalamu, afisa, mwalimu, kijana na joho lake. Nilikuwa nimemsomea na maelezo yale ya mwanga, na nilitaka alie, au atukane na yeye, nisiwe peke yangu.

Dada alijifuta mikono kwenye khanga, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Akakipakata kitabu. Akaangalia, na nilivyomwona, hakuwa anaangalia ukuta. Akaweka kidole juu ya karatasi, polepole, kama vile bado haijakauka.

"Ona," alisema. "Ona hina ilivyokuwa imenikolea."